Tangazo Mlangoni

Nililibandika mwenyewe, Jumatano alasiri,
kwa ugali uliobaki, maana selotepu iliisha Novemba
na ombi la selotepu bado limo kwenye faili.

OFISI YA SERIKALI YA MTAA ITAFUNGWA
ALHAMISI TAREHE 25 NA IJUMAA TAREHE 26.
HUDUMA ZITAREJEA JUMATATU SAA 1:30 ASUBUHI.
WANANCHI MNATAKIWA KUWA WAVUMILIVU.

Mimi halikunitaja.
Mimi ndiye Nampoto, mlinzi. Nalinda meza mbili, benchi,
ramani ya Tabata iliyoliwa pembeni na mchwa,
na kabati ambalo ufunguo wake umekwenda Rombo
ndani ya mkoba wa mtendaji, Mama Aikande,
pamoja na mhuri.
Jiji limepungua. Hata foleni ya Ubungo, wanasema,
imekwenda kwao kula sikukuu.

Saa tatu, asubuhi ya Krismasi, akaja Editha,
kitenge kipya, bado kina mkunjo wa dukani.
Mdogo wake yuko kituoni tangu jana,
kagombana na mwenye baa juu ya kreti tupu.
Polisi wamesema: lete barua ya mtaa, yenye mhuri,
umdhamini, mwende mkale pilau.
Nikamwambia, ofisi imefungwa.
Akasema, na Osward naye kafungwa,
sasa nani amfungulie mwenzake?

Nikamsomea tangazo. Kusoma anajua.
Nilisoma tu kwa vile sikuwa na kingine cha kumpa.

Kisha mzee mmoja na mfuko wake wa taka:
gari halikupita?
Halikupita, mzee wangu.
Manyoya ya kuku, maganda ya ndizi, chupa za soda,
vyote vimekaa barazani kama wageni wasiotaka kuaga.
Kunguru peke yao ndio walioripoti kazini,
wote, na mapema.

Wa tatu hakuwa na shida yoyote.
Alitaka kujua tu kama tupo.

Saa sita nikampigia Mama Aikande. Nyuma yake
mbuzi, watoto, mtu anacheka kwa nguvu.
"Nampoto, mhuri haupiti kwenye simu."
Nikasema najua, mama.
Kimya. Mbuzi akalia tena.
"Huyo kijana anaitwa nani? Taja taratibu, niandike."
Aliandika wapi, sijui. Pengine mkononi.
Editha alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu amevivua,
amefungua hotipoti aliyompikia mtu mwingine.
Tukala. Nyama aliisogeza upande wangu.

Ijumaa akarudi, akakaa, akaondoka.
Siku ile watu hufungua maboksi, nasikia, kule kwenye maboksi.

Jumatatu, saa moja na nusu ikawa saa tatu kasorobo.
Mama Aikande akashuka kwenye bodaboda na mkungu wa ndizi.
Kabati likafunguka. Kidau cha wino kimekauka,
akakipulizia pumzi, akagonga mhuri mara tatu
kwenye gazeti la zamani, mpaka ukasema kitu.

Editha alikuwa wa kwanza kwenye foleni.
Osward yuko nje tangu Jumamosi,
kwa njia ambayo sikuuliza.
"Sasa barua ya nini?"
"Nipe tu, mama, iwepo ndani. Pasaka haiko mbali."
Mama Aikande akamtazama juu ya miwani,
akasema barua za serikali haziandikwi kwa akiba.
Kisha akauliza jina la nyumba namba.
Akaanza kuandika.

Mimi nikatoka kulibandua tangazo.
Ugali umeshika kuliko nilivyodhani.
Limetoka vipande vipande, tarehe zote zimetoka,
kikabaki kipande kimoja kigumu, WANANCHI MNATAKIWA,
na chini yake, toka kizingitini hadi kwenye gundi,
sisimizi wamepanga foleni.